Sehemu ya Pili ya Mafunzo ya Akina Mama

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Nimemtangazia Mwalimu wa Historia vita. Kwa maandishi.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita alisema darasani kwamba kuna maswali ambayo watu wa dini huyakwepa. Darasa zima likaangalia madawati. Mimi pia niliangalia dawati, ila kwa hasira. Kusema sikuweza. Mbele ya watu zaidi ya wawili sauti yangu huondoka bila kuaga. Lakini chini ya insha yangu niliandika: Mwalimu, si wote wanaokwepa. Leo amerudisha insha. Chini ya maneno yangu ameandika neno moja kwa wino mwekundu: Thibitisha. Akanipa na kitabu.

Kitabu chenyewe! Jalada jeusi, herufi nyekundu, na jina linalosema wazi kwamba mbinguni hakuna mtu. Sura saba. Alisema ni nakala yake mwenyewe. Nikisome kwa haki, nisiruke kitu, halafu nimwambie kimekosea wapi na kimesema kweli wapi.  Nilikubali kwa kichwa, kwa namna ambayo natumaini ilionekana ya kishujaa.

Nyumbani nimeandika karatasi ya kumwekea mezani: Nitajibu sura zote saba kufikia Ijumaa tarehe 14, kabla ya kengele ya mwisho. Nimeisaini. Sijawahi kuwa jasiri kiasi hiki.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka karatasi mezani kwa Mwalimu akiwa hayupo. Ushindi wa kwanza.

Nimesoma sura tatu. Ya kwanza inasema tunaamini kwa sababu tumezaliwa katika nyumba zinazoamini. Nimeijibu kwa nusu ukurasa: hata asiyeamini alizaliwa mahali. Ya pili inasema ibada ni mazoea. Nimeijibu nikipiga mswaki. Ya tatu inaorodhesha mahali ambapo Maandiko yanapingana. Hiyo imenitoa jasho, ila tunaelewana.

Ya nne nimesoma kurasa tatu nikafunga. Inamhusu mtoto mgonjwa. Wazazi wanaomba, majirani wanaomba, kanisa zima linaomba, mtoto anakufa. Mwandishi anawauliza: Mlikuwa mnaongea na nani? Sikuogopa. Nilifunga tu. Nikafungua, nikafunga tena. Jibu sina. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: nisipolipata, sijui Jumapili nikifumba macho nitakuwa naongea na nani mimi.

Basi. Mambo mengine. Kinanda amenusa.

Kinanda ni mwenyekiti wa vijana kanisani kwetu. Yuko darasa moja mbele yangu, na kila Jumapili anapiga kinanda kana kwamba kimemkosea. Alinisimamisha koridoni, akasema amesikia kuna kondoo anatembea na kitabu cha wakana Mungu kwenye mkoba. Alisema anatengeneza orodha ya vitabu ambavyo kijana Mkristo asiviguse. Vimeshafika kumi na kimoja, na orodha ataikabidhi kwa Mchungaji. Nilimwuliza, kwa sauti ya mbu, ni vingapi amevisoma. Akasema ah, dada, mimi nimeona majalada, majalada yanatosha.

Majalada! Asante sana, Kinanda. Umenipa silaha.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekamilika. Naiandika kwa unyenyekevu, lakini ni kazi ya akili kubwa.

Mama ni mshonaji na hapendi kitu chochote kikae uchi. Nyumbani kwetu kila kitabu kimefunikwa kwa karatasi ya kaki: madaftari yangu, kitabu cha nyimbo, hata kijitabu cha maelekezo ya cherehani. Nilikata kipande kutoka kwenye bunda lilelile, nikakivisha kitabu cha Mwalimu. Gundi ilizidi kidogo. Ukurasa wa kwanza wenye jina umegandamana na jalada, haubanduki tena. Vizuri zaidi!

Sasa kaki tupu huvuta macho. Lazima iwe na maandishi. Nilifikiria Hisabati, lakini Kinanda ana mtihani, anaweza kuazima. Halafu wazo likaja lenyewe. Akina mama wa kanisani hukutana kila Alhamisi, na wana kitabu chao cha mafunzo kutoka makao makuu. Sehemu ya Kwanza nimeiona nyumbani tangu nizaliwe: jinsi ya kupokea wageni, subira, namna ya kutunza vitambaa vya madhabahu. Hakuna mtu chini ya miaka arobaini aliyewahi kuifungua kwa hiari. Sehemu ya Pili sijawahi kuiona. Pengine haipo. Na nani atakitafuta kitabu ambacho hakipo?

Nikaandika kwa kalamu nene, herufi nzuri: MAFUNZO YA AKINA MAMA, SEHEMU YA PILI.

Usiku huu nimemaliza ya tano, ya sita na ya saba, hoja zake ziko kwenye daftari; ya nne bado. Kesho nitakiacha mezani sebuleni, hadharani kabisa, Kinanda akipekua mkoba wangu shuleni apekue hadi achoke.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeangamia.

Kinanda alipekua mkoba. Akakuta mkate na bikari. Aliomba radhi kwa midomo tu. Nilirudi nyumbani nikielea. Meza tupu! Cherehani imenyamaza, Mama hayupo, ila ameniachia kikaratasi: Chai ipo kwenye chupa. Mwanangu, Sehemu ya Pili imefika! Sijui nani ameileta, Bwana asifiwe. Nimeipeleka darasani.

Kumbe. Akina mama walimaliza Sehemu ya Kwanza mwaka jana. Wameandikia makao makuu barua tatu kuomba Sehemu ya Pili. Kwa miezi minane wamekuwa wakirudia somo la vitambaa. Wamekuwa wakiiombea. Kwa jina!

Nilikimbia hadi ukumbi wa kanisa. Niliwahesabu kupitia dirishani: wanawake ishirini na wawili. Ningeweza kuingia na kusema kitabu ni changu. Miguu ilikataa. Nikachuchumaa chini ya dirisha na kusikiliza.

Mama Ratiba ndiye anayeongoza. Ni mwenyekiti wao, na ni mama mzazi wa Kinanda. Tunamwita Mama Ratiba kwa sababu hata kicheko kwake kina dakika zake. Alisoma sura ya kwanza kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu aliye mbali. Akafika mwisho. Nikafumba macho.

Mtu mmoja akasema he, Sehemu ya Pili ina moto. Mwingine akasema hii ni ya waliokomaa, ndiyo maana walituchelewesha. Mama Ratiba akasema bila shaka makao makuu wametuwekea hoja za upande wa pili ili tujipime, tena ni ubunifu mzuri. Akauliza nani ana jibu. Wakaongea wote kwa pamoja! Mmoja akasema mwandishi anadai tunaamini kwa kuzaliwa tu, mbona yeye alizaliwa nyumba ya walevi na hakurithi chupa? Vicheko. Mwingine akasema tusicheke upesi, mbona watoto wetu tunawalazimisha kukariri bila kuwaeleza, hapo ametushika. Wakakubali kwamba ametushika.

Jibu langu la nusu ukurasa halikuwa na hiyo sehemu ya pili. Nimeiongeza. Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, siku haikuwa mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa kukomboa kitabu. Rahisi, safi.

Nilifunika kitabu changu cha zamani cha Jiografia kwa kaki, unene uleule, nikaandika maneno yaleyale. Ningeenda kwa Mama Ratiba, niombe maji ya kunywa, nibadilishe vitabu, niondoke. Dakika nne. Tano nikinywa maji yote.

Mlango akafungua Kinanda.

Aliuliza nimefuata nini. Maneno yaliyokuwa tayari yalikuwa ya mama yake, ya kwake sikuwa nimeandaa. Nikasema nimekuja kuhusu kwaya. Sijui ilitoka wapi. Uso wake ukang'aa, akasema Mungu ni mwema, sauti ya pili ina pengo tangu binamu yake ahame. Akanipa joho palepale. Lilikuwa la binamu yake. Binamu yake ni mrefu kuliko mlango.

Nimerudi na joho na Jiografia. Mama amesema amefurahi sana kwamba hatimaye nimeanza kujichanganya na watu, akashusha cherehani akalipunguza joho hapohapo, pini mdomoni. Hakuniuliza kitu kingine. Alinitazama kidogo, basi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeimba mbele ya watu mia mbili. Nimefumbua mdomo, sauti haikutoka, hakuna aliyegundua. Hivyo ndivyo nitakavyoimba daima.

Wakati wa kufumba macho niliwaza sura ya nne. Nilisema tu: Kama upo, nina hadi Ijumaa. Haikuwa sala nzuri. Ilikuwa ya kweli lakini.

Baada ya ibada, tukio la kihistoria. Mama Ratiba alisimama kutangaza kwamba akina mama watakutana pia kesho Jumatatu, nje ya ratiba. Kanisa lilishtuka. Mara ya mwisho alipobadilisha ratiba ilikuwa paa lilipoezuliwa.

Mlangoni akina mama walikuwa wamesimama vikundi vikundi wakibishana. Hakuna aliyekuwa anasema habari za vitambaa. Bibi wa Kiti cha Mbele, mkubwa wao wote, ambaye amekalia kiti kilekile tangu kanisa lijengwe, alimshika Mchungaji mkono, akamwomba wamkumbuke katika maombi mwandishi wa Sehemu ya Pili. Alisema yule ni kijana aliyeumia. Mchungaji akasema amina, huku akionekana kujiuliza ni nani huko makao makuu aliyeumia.

Kinanda alikuwa karibu. Alikunja uso. Sikupenda jinsi alivyokunja.

Jumatatu, 10 Machi

Joho limenilipa! Nimejitolea kukunja majoho ya kwaya kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, saa ileile ya akina mama. Mlango haufungi vizuri. Nasikia kila kitu.

Leo sura ya pili waliimaliza upesi, wakaingia ya tatu, ile ya Maandiko kupingana. Walikuja na Biblia zao, na miwani, na madaftari. Madaftari! Walifungua kila mahali mwandishi alipotaja. Saa nzima. Wakakuta mahali pawili amekata mstari katikati ili useme anachotaka yeye, na muuza vitambaa wa sokoni akasema ahaa, huyu anapima kwa kuvuta. Wakakuta mahali pamoja ambapo amesema sawa, hesabu za vitabu viwili hazilingani kabisa, na hakuna jinsi ya kuzilinganisha. Nilifikiri wataruka. Hawakuruka. Mama Ratiba alisema andikeni: hapa hatujui. Wakaandika.

Mimi hapo nilikuwa nimejaza ukurasa mzima kwa maneno makubwa. Nimeufuta. Nimeandika: hapa hatujui.

Kitabu Kinanda ndiye anayembebea mama yake, kwenye mfuko wa kitambaa, kuja na kurudi. Mwenye orodha anabeba cha kumi na mbili bila kujua! Nilicheka ndani ya joho.

Jumatano, 12 Machi

Hali ya vita: sura sita tayari. Sura ya nne, karatasi nyeupe.

Mwalimu alinisimamisha kwenye ngazi, akauliza kitabu kinaendeleaje. Nikasema kinasomwa sana. Sikudanganya.

Habari mbaya. Kinanda amefungua mfuko. Alikuja mapumziko, akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba kwenye ukurasa wa mwisho wa Sehemu ya Pili kuna muhuri mdogo wa bluu wenye jina la Mwalimu wa Historia. Muhuri! Niliishia mwisho wa sura ya saba, ukurasa wa mwisho kabisa sikuufunua, kosa langu pekee katika mpango mzima. Alisema kesho atamleta Mchungaji katikati ya darasa la akina mama, mbele ya wote, ili ionekane nani amewalisha sumu mama zetu. Nilimwuliza kama basi amekisoma. Akasema amesoma muhuri.

Nimekaa kitandani na karatasi nyeupe. Ningeweza kumwambia Mama. Ningetoka chumbani, hatua sita hadi kwenye cherehani. Lakini kesho ni sura ya nne, na huenda mtu akasema kitu, na mimi sina kitu kingine. Nikimwambia, hawatasoma.

Sitasema. Nitakunja majoho.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika polepole nisikose kitu.

Saa kumi walikuwa wamejaa. Mama Ratiba alisoma sura ya nne yote, bila kuruka. Alipofika pale wazazi wanapotoka hospitalini na nguo za mtoto zikiwa zimekunjwa, alisimama, akanywa maji, akaendelea. Alipomaliza hakuuliza nani ana jibu. Alikaa tu.

Kisha Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hata matangazo hukataa kuyasoma.

Alisema miaka kumi na mmoja iliyopita alikaa wiki mbili kwenye benchi la koridoni, hospitalini, akimwombea mwanawe wa miezi saba. Nilijua nilikuwa na mdogo wangu. Benchi sikulijua. Alisema watu walimfuata hadi pale kumwambia ni mpango wa Mungu, na kwamba alitamani kuwarushia chupa ya chai, tena ikiwa imejaa. Walicheka, wengine leso zikiwa tayari usoni. Akasema kwa hiyo ukurasa wa sitini na mbili huyu bwana anasema kweli tupu. Maneno yale ni ya kumnyamazisha mfiwa ili sisi tulale vizuri. Tuliyasema. Tuyaache.

Halafu akasema hivi, na niliyaandika mkononi kwa sababu karatasi ilikuwa mbali:

Anauliza nilikuwa naongea na nani. Hilo swali sikulipata kwake. Nililiuliza palepale kwenye benchi, na nilimwuliza Yeye mwenyewe. Bado namwuliza. Kuna siku nagombana naye cherehani ikiwa inakwenda. Jibu sijapewa. Huyu bwana anasema ukimya ule ndio ushahidi wake, na simlaumu, kwa mbali ndivyo unavyoonekana. Lakini mimi nilikuwa ndani yake. Haukuwa mtupu. Siwezi kumthibitishia. Ila asinieleze kilichokuwa ndani, maana yeye hakuwepo, mimi nilikuwepo.

Akakaa.  Bibi wa Kiti cha Mbele alinyoosha mkono akamshika goti. Kisha Bibi akasema pembeni mwa ukurasa ule kuna mstari wa penseli, umekolezwa mara mbili, na yeye angependa kujua ni nani aliyeuchora, na kama kuna mtu aliyewahi kwenda kukaa naye.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Kinanda mbele, Mchungaji nyuma yake akihema.

Kinanda alisema kwa sauti ya mahubiri: Akina mama, mmedanganywa! Hiki si Sehemu ya Pili! Ni kitabu cha wakana Mungu!

Nilikuwa nimekumbatia majoho manne. Nilijua sasa ni wakati wa kutoka, na nilitoka kweli, hatua moja.

Bibi wa Kiti cha Mbele akakohoa. Akasema yeye aligundua kwenye ukurasa wa tisa. Muuza vitambaa akasema, ukurasa wa tisa, Bibi? Mimi wa tatu. Mwingine akasema yeye tangu mwanzo aliona makao makuu hawawezi kuandika vizuri hivyo. Kumbe wote! Kila mmoja alijua, na kila mmoja alinyamaza akidhani akisema tu watarudishwa kwenye vitambaa.

Mama Ratiba alimwuliza mwanawe: umekisoma? Kinanda akasema, Mama, mimi nimeona muhuri. Akaambiwa akae. Alikaa. Kiti kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni.

Mchungaji alikichukua kitabu. Alisoma ukurasa mmoja amesimama. Akafunua wa pili. Akavuta kiti, akakaa, akauliza bila kuinua macho kama wameshafika sura ya tano au bado.

USHINDI!

Mama Ratiba akasema basi mwenye wazo hili ajitokeze ashukuriwe. Watu ishirini na zaidi. Sauti iliondoka, kama kawaida. Nilinyanyua mkono, joho likining'inia. Wakapiga makofi. Wakanipigia mimi makofi.

Njiani kurudi nilimwomba Mama msamaha. Alisema mwandiko wangu anaujua tangu nikiandika herufi kinyume, na karatasi ya kaki ni yake. Alijua tangu Alhamisi ile ya kwanza? Alisema alijua kabla hajamaliza kuandika kile kikaratasi cha chai. Kitabu alikuwa amekifungua jikoni, kikafunguka sura ya nne. Nilimwuliza kwa nini basi alikipeleka. Alitembea kidogo. Akasema sura ile aliona ataisoma, asingeweza kuiacha, lakini hakutaka kuisoma peke yake.

Tukanyamaza hadi nyumbani. Haukuwa mtupu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewasilisha. Kurasa tisa, mwanzoni nikikiri habari yote ya darasa la Alhamisi, kabla ya kengele ya mwisho.

Kwa sura ya nne niliomba ruhusa ya Mama kwanza, kisha nikaandika maneno yake, sikuongeza langu hata moja. Mwalimu alisoma kwenye chumba chake kati ya ramani, nami nimesimama. Sura ya tatu alitabasamu pale penye hapa hatujui. Alipofika ya nne alivua miwani akasoma karatasi ikiwa karibu na uso. Alirudia.

Akasema: Hujathibitisha kitu hapa. Nikasema: Hapana, Mwalimu. Kwa sauti! Tulikuwa wawili tu, lakini ilikuwa sauti. Nikasema pia kwamba mwandishi anauliza swali vizuri sana, ila anaandika kana kwamba sisi hatujawahi kuliuliza.

Aligeuza kalamu nyekundu mkononi, asiandike. Akasema amewapa watu wengi kitabu kile kwa miaka tisa. Wengine walikirudisha baada ya siku moja, wengine walikuja na majibu ya kukariri. Hawa wa kwenu, akasema, wamekisoma. Akauliza benchi lile lilikuwa hospitali gani. Nikamwambia. Akasema analijua. Kisha akauliza wanakutana saa ngapi Alhamisi, na kama mwanamume asiyesali anaruhusiwa kukaa nyuma.

Nikasema nyuma kumejaa, ila mbele kuna nafasi karibu na Bibi mmoja anayemtafuta.

Jumapili, 16 Machi

Nimefumba macho leo. Sikujiuliza naongea na nani, ama nilijiuliza, lakini kwa kumwuliza Yeye. Kwaya imeimba vizuri. Nimetoa sauti kwenye beti mbili.

Mambo yote yamepangika. Darasa la Alhamisi sasa ni la kila mtu. Kinanda amepewa na mama yake ratiba ya kusoma vitabu vyote kumi na kimoja kabla ya kuwakataza wengine, kimoja kila wiki mbili, na muhtasari. Nilimwona kwenye ngazi za kanisa na cha kwanza. Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na alisahau kunikunjia uso.

Mama amesema somo la yote haya ni moja: siku nyingine kitabu nikiweke mezani kikiwa na jina lake. Nimekubali kwa moyo wote. Mchungaji naye aliniita baada ya ibada, akasema wazee wa kanisa wanaona wivu, wanataka darasa kama la akina mama. Akasema najua vitabu, nimtajie tu kimoja kigumu, Jumapili ijayo atakitangaza. Nitaje tu, hakuna tatizo. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Kutaja tu kuna hatari zake. Wazee wanaweza kukubali mara moja, kisha hawatakuwa na hamu. Mtu hukipenda zaidi kitabu alichokatazwa. Kinachotakiwa ni barua ya siri ya malalamiko, kwamba kuna kitabu fulani ambacho wazee hawa hawatakiweza, kiondolewe upesi wasije wakakiona, na jina lake liandikwe wazi. Mpango hauna tundu hata moja. Hauhusiani na karatasi ya kaki, kwa hiyo Mama hawezi kulalamika.

Nimeshaandika mwanzo, nao umetulia kabisa: Mpendwa Mchungaji, mimi ni mzee wa kanisa mwenye umri wa miaka sitini na miwili, nina ndevu, na sisomi katika shule yoyote.